Gurudumu la Pikipiki Nyumbani: Kubadilisha, Kunyoosha na Kusawazisha Tairi katika Mkoa wa Singida

Swali la iwapo mwenye pikipiki anaweza kubadilisha na kusawazisha matairi yake mwenyewe nyumbani mara nyingi hujibiwa kwa kuhesabu vifaa. Husemwa kwamba kubadilisha tairi kunataka vyuma viwili vya kubandulia, spana na nguvu za mikono, kwa hiyo hakuna kijana anayeshindwa. Na kwamba kusawazisha, yaani kuufanya uzito wa gurudumu ugawanyike sawasawa kuizunguka ekseli, kunataka mashine ya umeme, kwa hiyo ni kazi ya gereji za mijini zinazohudumia magari. Majibu hayo yote mawili yana kasoro. Kazi yenyewe ikichunguzwa hatua kwa hatua, na hasa ikichunguzwa katika Mkoa wa Singida, ambako pikipiki ndogo yenye njiti na tyubu ndiyo inayobeba abiria, vitunguu, alizeti na kuku kutoka vijijini hadi barabara kuu, hubainika kwamba nusu inayodhaniwa kuwa nyepesi ndiyo inayoharibu tyubu na rimu, ilhali nusu inayodhaniwa kuwa ya mashine hufanyika uani kwa usahihi unaotosha. Baina ya hizo mbili ipo kazi ya tatu isiyotajwa sana, nayo ni kunyoosha rimu. Na kwa mwendo wa pikipiki nyingi za Singida, kazi hiyo ya tatu ina athari kubwa kuliko kusawazisha kwenyewe.

Mazingira ya mkoa ndiyo yanayolipa swali hili sura yake. Singida uko katikati ya Tanzania Bara, juu ya uwanda wa miamba ya matale, na mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Mvua huja kwa msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na miezi inayobaki ni ya jua na upepo. Barabara kuu ya lami kutoka Dodoma hupita Manyoni na Ikungi hadi Singida mjini, kisha hugawanyika: mkono mmoja huelekea Katesh, Babati na Arusha, na mwingine hupita Iguguno na Misigiri, hushuka mlima Sekenke hadi Shelui na kuendelea kuelekea Igunga na Nzega. Pikipiki inayotoka kwenye lami hukutana na changarawe ya matale yenye ncha, mchanga unaozama, udongo mweusi wa mbuga ya Wembere unaoteleza wakati wa masika na kupasuka mitaro wakati wa kiangazi, na miiba ya migunga iliyodondoka njiani, achilia mbali vichaka vizito vya Itigi ambavyo hata mtembea kwa miguu huviheshimu. Tairi linaloishi katika nchi ya namna hiyo halizeeki kwa kulika kashata peke yake, yaani yale mafundo ya mpira yanayoshika ardhi; hutobolewa, hukatwa ubavuni, huchomwa na jua, na rimu yake hugongwa na mawe hadi ikapinda.

Pikipiki zenyewe ni za aina chache. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria kwa malipo, utaratibu ambao leo uko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, biashara ya bodaboda imejengwa juu ya mashine za India na China zenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150, kama Boxer, TVS, Haojue na SanLG. Nyingi huvaa matairi membamba yenye vipimo vya 2.75 mbele na 3.00 nyuma, juu ya rimu ya kipenyo cha inchi 17 au 18 iliyoshikwa na njiti, ambazo mafundi huziita spoku. Kwa kuwa vichwa vya njiti hupenya ndani ya rimu, upepo hauwezi kuzuiwa na rimu na tairi pekee, na ndiyo maana magurudumu hayo huhitaji tyubu.

Maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi hueleza mengi kabla chuma chochote hakijashikwa. Katika andiko 3.00-18 52P, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, ya pili ni kipenyo cha rimu, namba 52 ni alama ya mzigo inayomaanisha kilo 200 kwa tairi hilo moja, na herufi P ni kikomo cha kasi, yaani kilomita 150 kwa saa. Kikomo hicho cha kasi hakimhusu sana mwendesha bodaboda. Cha mzigo kinamhusu kila siku, kwa sababu gunia la vitunguu likiwekwa juu ya abiria au abiria juu ya gunia, sehemu kubwa ya uzito wote hukaa juu ya gurudumu la nyuma. Kuna pia namba nne ambazo wanunuzi wengi huzipita bila kuzisoma: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Katika nchi ambako matairi huning'inizwa barazani kwa duka yakipigwa na jua mwaka mzima, tairi jipya lisilowahi kugusa ardhi linaweza kuwa limeshachoka, na nyufa nyembamba kwenye mizizi ya kashata ndizo dalili yake. Mshale wa kuonyesha upande wa kuzunguka, pale unapokuwepo, hufuatwa bila mjadala.

Kwamba tairi linaweza kubanduliwa na mwenye chombo mwenyewe si jambo lililokuwepo tangu mwanzo. Tairi la upepo lililotengenezwa mwaka 1888 na John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, lilifungwa kwenye gurudumu kwa vitambaa na gundi, na kuziba tundu lake kulimaanisha kulichana na kulifunga upya. Mwaka 1890 Mwingereza Charles Kingston Welch alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya tairi lenye waya ndani ya kingo zake, na mwaka 1891 ndugu Michelin wa Ufaransa walitoa tairi la baiskeli linalobanduka, ambalo Charles Terront alilitumia na kushinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Pikipiki inayopita leo Nduguti au Kiomboi bado inatumia ufumbuzi wa miaka hiyo: ukingo wenye waya usiotanuka, na rimu ambayo katikati yake imechimbika kama bonde.

Bonde hilo ndilo ufunguo wa kazi yote, na asiyelielewa hushindana na tairi kwa nguvu. Waya wa ukingo hautanuki, na mzunguko wake ni mdogo kuliko mzunguko wa mdomo wa rimu. Kwa hiyo ukingo hauwezi kuruka mdomo wa rimu upande mmoja ila upande wa pili uwe umeshuka bondeni na kuachia nafasi. Mtu anayeingiza vyuma vyake huku upande wa mkabala ungali umekalia bega la rimu atavuta mpaka jasho limtoke, na kitakachokubali kushindwa kwanza ni mdomo wa rimu, au ukingo wa tairi, au tyubu iliyobanwa katikati. Anayepiga magoti juu ya tairi upande wa pili na kuukandamiza ukingo hadi bondeni huinua upande wake kwa nguvu ndogo, na kwa kuchukua kipande kifupi kifupi kila mara, kiasi cha vidole vitatu, tairi hutoka bila ugomvi. Tairi linalokataa kuna mahali limekalia bega, na nguvu zaidi si jibu lake.

Kabla ya hapo upepo wote hutolewa kwa kufungua pini ya ndani ya vali, ule mdomo wa tyubu unaojaziwa upepo, kisha ukingo huachanishwa na rimu kwa kukanyagwa kwa kisigino au, pale ulipogandamana kwa kutu na muda, kwa kukandamizwa na stendi ya pembeni ya pikipiki nyingine. Jua la Singida, adui wa matairi dukani, hapa husaidia, kwa kuwa tairi lililoanikwa saa moja huwa laini kuliko lililotoka kivulini. Maji ya sabuni hupakwa kwenye kingo ili ziteleze. Baadhi ya watu hupaka oili chafu au dizeli, na hilo ni kosa la aina mbili: mafuta hula mpira, na kwa kuwa hayakauki kama maji ya sabuni, huliacha tairi likiteleza juu ya rimu wakati wa kufunga breki.

Kurudisha tairi ndiko kunakotoboa tyubu, na ni jambo la kusikitisha kidogo kwamba pancha nyingi za siku ya kwanza hufanywa na mwenye kuziba, si na mwiba. Tyubu hutiwa upepo kidogo, wa kuipa umbo la mviringo tu, ili isijikunje wala kulala chini ya ukingo. Vali hupitishwa kwenye tundu lake. Kisha ukingo wa pili huanza kuingizwa upande ulio mkabala na vali na kumalizikia kwenye vali yenyewe. Mpangilio huo una sababu. Palipo na vali, tyubu ni nene na hulijaza bonde, hivyo ukingo hauwezi kushuka hapo, na anayeanzia hapo hujinyima nafasi anayoihitaji mwishoni. Ukingo ukishaingia wote, vali husukumwa ndani na kuachiwa ili tyubu isibaki imebanwa. Nati ya vali haikazwi dhidi ya rimu bali huachwa juu karibu na kifuniko, kwa kuwa tairi lenye upepo haba huteleza kidogo kidogo juu ya rimu na kuiburuta tyubu. Vali isiyokazwa itainama na kumwonya mwenye pikipiki, ilhali iliyokazwa itang'oka shinani bila kumwonya mtu.

Utepe wa mpira unaofunika vichwa vya njiti ndani ya rimu hustahili kutazamwa kila mara tairi linapotoka. Ukiwa umekatika, vichwa vya njiti husugua tyubu mpaka kuitoboa upande wa ndani, na tundu la upande wa ndani ni ushahidi kwamba mwiba hauna kosa. Wengi hukata kipande cha tyubu ya zamani na kukifanya utepe, na hakuna ubaya wowote katika hilo. Tyubu iliyokufa ina kazi nyingi mkoani humo, kuanzia mipira ya kufungia mizigo hadi bawaba za mageti ya mazizi, na tairi lililokwisha huishia kuwa katambuga miguuni mwa wafugaji.

Kiraka chenyewe kina njia mbili. Kiraka baridi hushikamana kwa gundi inayoachwa ikauke kidogo kabla ya kukandamizwa, nacho kinafaa nyumbani endapo mpira umesuguliwa mpaka ukapoteza mng'ao. Kiraka cha moto, kinachopatikana kwa fundi pancha mwenye kibano cha chuma, huunganisha mpira na mpira kwa joto, kwa kanuni ileile ya kupika mpira pamoja na salfa ambayo Mmarekani Charles Goodyear aliivumbua mwaka 1839. Kiraka cha moto hudumu zaidi katika joto la tairi lililobeba mzigo, na hapa nyumbani kunashindwa na barabarani bila aibu. Dawa za majimaji zinazotiwa ndani ya tyubu kuzuia pancha hufaa kwa mashimo madogo ya miiba ya migunga, ingawa hazizibi mpasuko, na fundi anayekutana nazo baadaye huona kiraka chake kinakataa kushika kwenye mpira uliolowa.

Kuhusu kiasi cha upepo, vitabu vya watengenezaji wa pikipiki ndogo kwa kawaida hutaja takriban paundi 25 kwa inchi ya mraba mbele na kati ya 28 na 32 nyuma kulingana na mzigo. Kipimo hicho ni cha tairi baridi, na katika Singida sharti hilo lina maana halisi. Asubuhi ya Julai yenye nyuzi joto 15, tairi hujazwa paundi 30. Mchana, baada ya mwendo na mzigo, upepo ndani yake ukifika nyuzi joto 55, kipimo hupanda kwa takriban paundi 6 bila mtu kuongeza chochote. Mwendeshaji anayepima mchana, akaona 36 na kupunguza hadi 30, kesho yake asubuhi atakuwa anaendesha tairi lenye paundi 24 au 25, na tairi lenye upepo haba hupinda ubavuni kila linapozunguka, hupata joto kwa kupinda huko, na joto hilo ndilo linaloachanisha matabaka yake. Kipimo cha mkononi cha upepo, ambacho ni kifaa kidogo kuliko vyote vilivyotajwa hadi sasa, kina faida kuliko chuma cha tatu cha kubandulia.

Suala la kusawazisha linahitaji hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu linabaki kuwa ubishi kati ya wanaoliona anasa na wanaoliona sharti. Gurudumu lina uzito usiolingana pale upande mmoja unapokuwa mzito kuliko mwingine, kutokana na vali, unene wa mpira usio sawa, kiraka au rimu yenyewe, na upande huo mzito huvuta kwenda nje kila gurudumu linapozunguka. Kani ya kuvuta huongezeka kwa mraba wa kasi, maana yake kasi ikiwa mara mbili kani huwa mara nne. Tuseme kwamba rimu ya inchi 18 ina gramu 20 za ziada upande mmoja. Kwa kilomita 50 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha kasi katika maeneo ya makazi nchini Tanzania, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 7 kwa sekunde na gramu hizo 20 huvuta kwa kani ya takriban newtoni 10, sawa na uzito wa kilo 1. Kwa kilomita 25 kwa saa kani hiyo hushuka hadi robo ya kilo, ambayo hakuna mkono utakaoihisi juu ya changarawe. Kwa kilomita 100 kwa saa hupanda hadi kilo 4, zikipiga juu na chini zaidi ya mara 14 kwa sekunde, na hapo usukani hutetemeka na beringi huumia. Hivyo anayesafiri kwa lami kutoka Manyoni hadi Singida kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa ana sababu ya kusawazisha, hasa gurudumu la mbele, na anayetoka Sepuka kwa njia ya vumbi akiwa na magunia hana sababu kubwa.

Hata hivyo hesabu hiyo haijakamilika mpaka iwekwe kando ya nyingine. Rimu yenye njiti zilizolegea haizunguki kwa mviringo kamili. Hupanda na kushuka, au huyumba kushoto na kulia. Watengenezaji wengi huruhusu tofauti isiyozidi milimita 2. Tairi dogo lililojaa upepo ipasavyo lina ugumu wa wima wa newtoni 100 au zaidi kwa kila milimita linapokandamizwa, kwa hiyo rimu inayopanda na kushuka kwa milimita 2, yaani milimita 1 juu na 1 chini ya wastani, huibadilisha kani inayoiendea ekseli kwa kiasi cha newtoni 100 kila upande. Hata kama sehemu ya kani hiyo humezwa na springi, bado ni mara kadhaa ya ile inayotokana na gramu 20 kwa kasi ya kilomita 50. Tena haingoji kasi kubwa ndipo ionekane. Na milimita 2 ni kikomo kinachoruhusiwa. Rimu iliyogonga mawe ya matale kwa msimu mzima huweza kuzidi hapo, na jicho huiona bila kipimo. Mtu anayebandika vipande vya risasi vya kusawazishia kwenye gurudumu la namna hiyo anatibu kikohozi cha mgonjwa aliyevunjika mguu.

Kwa bahati njema, siku tairi linapotoka ndiyo siku inayofaa kunyoosha, kwa kuwa rimu iko wazi. Njiti hugongwa moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa sauti nzito iliyokufa, na masikio ya mtu yeyote hutofautisha. Gurudumu huning'inizwa kwenye ekseli yake, kipande cha chaki au waya hufungwa kwenye foku kikikaribia rimu, kisha rimu huzungushwa polepole na mahali inapogusa huwekewa alama. Rimu ikielemea kushoto, njiti za kulia za mahali hapo hukazwa na za kushoto hulegezwa, kwa robo mzunguko tu kila mara, kwa kuwa kila njiti inayovutwa hubadilisha hali ya jirani zake. Kazi hii inataka subira kuliko ujuzi, na anayeiharakisha huifanya rimu iwe mbaya kuliko alivyoikuta. Mwishoni, ncha za njiti zilizochomoza ndani ya rimu husagwa kwa tupa ili zisitoboe tyubu. Mdomo wa rimu uliobonyea kwa jiwe haunyooshwi kwa njiti. Huo huhitaji nyundo na gogo, na ukiwa na ufa, rimu mpya.

Baada ya kunyoosha, kusawazisha huwa kazi ya utulivu. Mashine za gereji hupima mambo mawili: uzito usiolingana kuizunguka ekseli, na uzito usiolingana kati ya upande wa kushoto na wa kulia wa gurudumu. Hili la pili lina maana kwenye tairi pana la gari. Kwenye tairi la pikipiki lenye upana wa sentimita 7 hadi 8 athari yake ni ndogo mno, na lile la kwanza hugunduliwa na mvutano wa dunia bila umeme. Ekseli hulazwa juu ya mbao mbili zilizo sawa kimo, gurudumu huachwa lizunguke lenyewe, na mahali panaposimama chini mara tatu au nne mfululizo ndipo penye uzito. Uzito mdogo hufungwa upande wa juu, gurudumu hugeuzwa robo, na kiasi hupunguzwa au kuongezwa hadi gurudumu likae popote linapoachwa. Matairi ya makampuni mengi huwa na nukta ya rangi inayoonyesha upande mwepesi, nayo huwekwa penye vali ili vilingane tangu mwanzo. Uzito wenyewe unaweza kuwa waya wa risasi wa kuchomelea uliozungushwa kwenye njiti karibu na rimu na kubanwa usiteleze. Anayeushika hunawa mikono kabla ya kula, kwa sababu risasi ni sumu.

Kinachoharibu kipimo hicho cha nyumbani ni msuguano. Mipira inayozuia vumbi kuingia kwenye beringi hulishika gurudumu na kulizuia lisigeuke kwa tofauti ndogo, na gurudumu linaloonekana limetulia huenda limekwama tu. Jaribio la kulithibitisha ni jepesi: sarafu ya shilingi 500, ambayo haifiki gramu 10, hubandikwa kwa gundi ya karatasi kwenye rimu iliyotulia, upande wa pembeni. Gurudumu likishuka upande huo, kipimo kina usahihi unaotosha kwa pikipiki ndogo, na lisiposhuka, beringi zinahitaji kusafishwa au kubadilishwa, jambo ambalo lenyewe lina faida kuliko gramu zozote. Gurudumu la nyuma hujaribiwa bila cheni.

Hatari kubwa kuliko zote ya kazi ya nyumbani haimo ndani ya tairi. Gurudumu la nyuma lenye breki ya drumu lina mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Ukisahaulika kufungwa, au nati yake ikiachwa bila pini, breki ya kwanza nzito inaweza kuizungusha sahani, kuukata waya wa breki na kulifunga gurudumu ghafla, na mahali pabaya pa kugundua jambo hilo ni mteremko wa Sekenke wenye malori nyuma. Ekseli nayo hukazwa baada ya cheni kupangwa kwa alama za pande zote mbili, kwa maana gurudumu lililokaa upande hula tairi na cheni kwa pamoja, na dereva hudhani amenunua tairi bovu.

Kama faida ya kufanya haya nyumbani ni fedha, faida hiyo ni ndogo, kwa sababu fundi pancha wa kituoni hutoza kiasi kidogo na hufanya upesi. Tatizo ni huo upesi. Fundi anayelipwa kwa kila pancha, huku mteja amesimama juu yake akihesabu abiria wanaompita, hana muda wa kugonga njiti wala kukagua utepe, na hakuna anayemlipa kwa hayo. Mfumo wa umiliki huongeza ugumu: mwendeshaji wa hesabu, anayempelekea mwenye pikipiki kiasi cha kila siku, mara nyingi hulipia pancha mwenyewe lakini rimu si mali yake, ilhali mwenye pikipiki haoni rimu inavyoyumba kwa kuwa haiendeshi. Mwendeshaji wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, ana sababu zaidi ya kutenga asubuhi moja kwa kazi hii kila tairi linapobadilishwa. Si ajabu basi kwamba utunzaji wa gurudumu hutegemea aina ya makubaliano kuliko kiwango cha ujuzi, ingawa ujuzi nao unapatikana, kwa mafundi wa mitaani na kwa Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, yenye chuo mjini Singida.

Hesabu zote hizi hubadilika pale pikipiki inapokuja na rimu za kumimina, zisizo na njiti, ambazo zinaongezeka katika matoleo mapya. Baadhi yake huvaa matairi yasiyo na tyubu, ambayo kingo zake hukaa kwa kusukumwa na upepo mwingi wa ghafla, kazi inayoishinda pampu ya mkono na kulirudisha tairi kwa mwenye kompresa. Rimu hizo hazilegei, lakini zikipinda hakuna njiti ya kukaza, na kuzigonga kwa nyundo ni kuzialika nyufa. Kwa mwenye rimu ya namna hiyo kunyoosha kumetoka mikononi mwake, na kati ya mambo matatu yaliyojadiliwa, lile lililokuwa dogo kuliko yote kwa mwenye njiti, yaani gramu chache za risasi zilizobandikwa mahali pake, ndilo pekee analoweza bado kulisahihisha uani bila msaada wa mtu.